UZI: Chuma hakihitaji kuyeyuka ndipo ghorofa lianguke

FundiKenchi

Wakuu, habari za jioni.

Ile video ya minara miwili ya New York, iliyoanguka Septemba 11, 2001 baada ya kupigwa na ndege, imerudi tena kwenye magrupu, na maneno ni yale yale: "Mafuta ya ndege hayawezi kuyeyusha chuma." Jana mpwa wangu kaniletea simu, akaniuliza, "Mjomba, wewe si ndiyo kazi yako hii, ni kweli?" Nikamwambia ni kweli kabisa, hayawezi. Ila hicho sicho kilichoiangusha. Akabaki ananiangalia. Nikaona nije niandike hapa kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Mimi natengeneza kenchi za chuma za maghala, zile fremu za kubebea paa, mwaka wa 21 huu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuvuta mivukuto. Babu hakuwahi kuyeyusha jembe hata moja maishani mwake. Anaweka chuma kwenye makaa, mimi navukuta, kikishakuwa chekundu anakitoa na koleo, anakilaza juu ya fuawe, nyundo tatu nne kimeshapinda anavyotaka yeye. Chuma kile kile ambacho dakika tano kabla ukikipiga nyundo kinakurudishia mkono. Wazee waliosema chuma hufuliwa kingali moto walijua hili kabla ya mhandisi yeyote.

Sasa tuweke namba. Chuma cha kujengea kinayeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Moto wa ofisi, wa makaratasi, mazulia, viti vya sponji na plastiki, ukikolea vizuri unafika nyuzi 800 mpaka 1,000 na zaidi kidogo. Kwa hiyo haufiki kuyeyusha. Lakini jedwali ambalo wahandisi wa Ulaya wanalitumia kupigia hesabu za moto linasema hivi: mpaka nyuzi 400 chuma bado kina karibu nguvu zake zote, ingawa kimeshaanza kuwa chepesi kupinda. Kwenye 500 kimebakiwa na asilimia 78. Kwenye 600, asilimia 47. Kwenye 700, asilimia 23. Kwenye 800, asilimia 11. Angalia hapo katikati, kati ya 500 na 700. Ndipo chuma kinapokata tamaa. Kikianza tu kung'aa wekundu hafifu gizani, nguvu imeshaanza kuondoka kwa kasi.

Na jengo halibebwi na asilimia 11. Mhandisi anaacha akiba, ndiyo, lakini si akiba ya mara tisa.

Nimalizie na nilichokiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukata mabaki ya ghala la magodoro lililoungua, mkoa sitautaja. Nilikuta kenchi zangu mwenyewe, nilizozinyanyua kwa winchi, zimelala kama kanga mbichi kwenye kamba. Hakuna hata moja iliyoyeyuka. Welding zangu zilikuwa zinaonekana vizuri, unaweza kuhesabu mapito ya elektrodi. Pembeni palikuwa na kibanda cha zamani cha mbao kilichounganishwa na ghala lile, na boriti lake la mti mgumu lilikuwa limeungua likawa jeusi nje, lakini limesimama, na kenchi moja ya chuma imelalia juu yake, imepinda kufuata umbo la lile boriti. Mbao imebeba chuma. Nilikaa pale muda mrefu. Mti mnene unaungua polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, na ule mkaa wa nje unaukinga moyo wa ndani. Chuma kinapokea joto na kulipitisha mwili mzima.

Karibuni.

Ngalawa77

Mkuu umeshusha nondo. Ila nina swali la mtu wa kawaida. Jiko langu la mkaa ni la chuma, linawaka kila siku mwaka wa tatu. Mbona haliporomoki?

FundiKenchi

Swali zuri sana kaka. Jiko lako limebeba nini? Sufuria ya ugali. Kilo tatu, nne. Hata likibakiwa na sehemu ndogo ya nguvu zake, mzigo ule ni mdogo kuliko nguvu iliyobaki. Ghorofa halina bahati hiyo, nguzo ya chini imebeba sakafu zote zilizo juu yake mchana na usiku.

Tena usiende mbali. Nenda kwa mchoma mishikaki wa mtaani kwenu, angalia zile nondo za wavu wake. Utakuta zimepinda katikati, zimeshuka kama mgongo wa punda mzee. Zilinunuliwa zimenyooka. Zimepindwa na nyama tu, na joto la kila jioni.

Ngalawa77

Kweli aisee. Za hapa kwetu zimepinda zote. Sijawahi kujiuliza kwa nini.

mhandisi_wa_pwani

Nipo Mombasa, nimesoma hii kitu kwa makini. Fundi amesema sawa, lakini naomba niongeze, kwa sababu kulainika ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kutanuka, na mara nyingi hiyo ndiyo inaanza.

Bimu ya mita 10 ukiipandisha joto kwa nyuzi 500 inarefuka sentimita 6 au zaidi. Ukiiacha huru haina shida. Lakini kwenye jengo haiko huru, imebanwa nguzo huku na huku. Itasukuma. Isiposukuma nguzo itajikunja yenyewe chini. Halafu ikishalegea kabisa, inageuka kutoka kusukuma na kuanza kuvuta, inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo yenye blanketi lililolowa, na zile nguzo zinavutwa ndani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa New York. Ndege zilikata nguzo kadhaa, lakini minara ilibaki imesimama, mmoja dakika 56 na mwingine dakika 102. Mafuta ya ndege yenyewe yaliungua dakika chache za mwanzo. Kilichoendelea kuungua ni ofisi. Na ile kinga ya moto iliyopulizwa juu ya vyuma ilikuwa imebanduliwa na kishindo cha ndege, vyuma viko uchi. Sakafu zilikuwa zimebebwa na kenchi nyembamba zenye urefu wa mpaka mita 18. Zikalegea, zikavuta ukuta wa nje. Kwenye mnara wa kaskazini, picha zilizopigwa dakika chache kabla ya kuanguka zinaonyesha ukuta wa kusini umeingia ndani zaidi ya mita moja. Ukuta wa nguzo za chuma!

Sasa kwa nini nguzo ikipinda kidogo inakwisha? Chukua njiti ya ufagio wa chelewa. Isimamishe mezani, ikandamize kwa kidole. Inapinda mara moja. Ivunje nusu, ukandamize tena. Utahitaji nguvu mara nne. Kidole ni kile kile, njiti ni ile ile, urefu tu umebadilika. Kila sakafu kwenye ghorofa ni kama mkono unaoishika nguzo katikati isiyumbe. Sakafu zikianguka, nguzo imekuwa njiti ndefu, hata kama yenyewe haijapata joto.

Shaka_la_Ukweli

Nawasoma. Lakini hamjagusa jengo la 7, lile la jirani na minara hiyo. Hilo halikupigwa na ndege yoyote. Ghorofa 47, limeshuka lote jioni ile. Hapo mnasemaje?

FundiKenchi

Mkuu, nashukuru umeuliza kwa heshima. Mhandisi naomba ulijibu hili, wewe ni mahali pako.

mhandisi_wa_pwani

Jengo la 7 ndilo lililonifundisha zaidi mimi binafsi, nitalikalia kidogo.

Vifusi vya mnara wa kaskazini viliwasha moto kwenye ghorofa kadhaa. Bomba kuu la maji la mji lilikuwa limekatika, kwa hiyo vinyunyizio vya maji vya ghorofa za chini havikuwa na maji. Wazimamoto walikuwa wamepoteza wenzao mamia asubuhi ile, wakaondolewa eneo hilo. Moto ukaachwa, ukatembea ofisi moja hadi nyingine karibu saa saba nzima. Jengo likaanguka saa 11 na dakika 20 jioni.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti yake 2008. Kwa mujibu wao, bimu za upande wa mashariki hazikufika hata joto la kuzilainisha sana. Zilitanuka tu. Zilikuwa ndefu, mita 15 na zaidi, na zote zimeegemea upande mmoja wa bimu kubwa iliyokaa kwenye kikalio chake pale nguzo namba 79. Zikaisukuma ile bimu kubwa mpaka ikatoka kwenye kikalio. Sakafu ya 13 ikashuka, ikaenda nayo ya chini yake, mpaka ya 5. Nguzo 79 ikabaki haijashikwa na kitu kwa urefu wa ghorofa tisa. Kumbuka chelewa. Ikapinda, na nguzo za jirani zikafuata, ndani kwa ndani, kabla ya ukuta wa nje kuonyesha chochote. Ndiyo maana kwenye video paonekana kibanda cha juu ya paa kinazama kwanza, kisha jengo lote.

Wapo wanaoipinga ripoti hiyo, nimesoma hoja zao. Mimi hesabu ya kutanuka naiona iko sawa, kwa sababu naipiga kila wiki kwa mabomba ya mvuke kiwandani. Usipoliachia bomba nafasi ya kutanuka litang'oa bolti zake ukutani, na joto la mvuke ni nyuzi 200 tu.

Shaka_la_Ukweli

Hilo la kibanda cha paa nimeenda kulitazama sasa hivi. Kweli kinazama kabla. Sijasema nimekubali yote, lakini hilo sikuwahi kuliona.

Zima_Moto_Mstaafu

Vijana, nimesoma yote. Mimi nimefanya kazi hii ya kuzima moto miaka 27, sasa nimestaafu. Naomba nizungumzie Tehran, Iran, kwa sababu hiyo ndiyo hainitoki.

Tarehe 19 Januari 2017. Jengo la Plasco, ghorofa 17, la chuma, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, na wakati huo lilikuwa refu kuliko yote mjini. Lilikuwa soko la nguo na viwanda vidogo vya kushona. Fikirieni: majora ya vitambaa kutoka sakafuni mpaka darini, ghorofa baada ya ghorofa. Moto umeanza kabla ya saa mbili asubuhi, ghorofa ya 10. Halikuwa na vinyunyizio. Msemaji wa zimamoto wa Tehran alisema walikuwa wamewaonya wasimamizi mara nyingi. Polisi walikuwa wanahangaika kuwazuia wenye maduka waliotaka kurudi ndani kuokoa mali. Wenzetu wakaingia, wakapanda, wakavuta mipira ya maji. Saa tano na nusu hivi jengo lote likashuka, televisheni inarusha moja kwa moja. Wazimamoto 16 hawakutoka.

Mimi nikiwa ndani ya moto sioni chuma. Chuma kiko juu ya dari. Naona moshi, nasikia. Ule moto ulioko chumbani ukionekana umepungua, mtu anapata moyo, anasema tunaushinda. Kumbe joto la saa tatu limeshaingia kwenye mifupa ya jengo. Na maji baridi yakipiga chuma kilichotanuka kinarudi, kinavuta viungo vyake. Jengo linaweza kuachia wakati moto unapoa. Hiyo nilifundishwa kazini na mkubwa wangu, sikuipata kwenye kitabu.

Saa tatu na nusu. Ndio muda wote waliokuwa nao wale vijana.

FundiKenchi

Shikamoo mzee. Asante kwa kuja hapa.

Dada_wa_Ilala

Mzee umeniliza. Poleni nyote mnaofanya kazi hiyo.

mhandisi_wa_pwani

Shikamoo mzee. Nadhani sasa ni lazima tuseme na upande wa pili, watu wasije wakaogopa kila ghorofa. Maghorofa mengi ya chuma yameungua na hayakuanguka, na sababu zinajulikana.

Philadelphia, Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza, ghorofa 38. Moto umeanza ya 22, umewaka zaidi ya saa 18, umeua wazimamoto watatu, na bimu nyingine zilishuka vibaya sana. Wakubwa wa zimamoto waliwatoa vijana wao wote ndani kwa kuhofia jengo litaanguka, na nadhani uamuzi ule uliokoa roho. Moto ukaendelea kupanda peke yake mpaka ghorofa ya 30. Huko kulikuwa na vinyunyizio. Vichwa 10 tu vya vinyunyizio vikauzima. Ghorofa nane zilizoshinda kikosi kizima cha mji, zikazimwa na vichwa 10.

Jengo lile lilisimama kwa sababu vyuma vyake vilikuwa vimevikwa kinga.

Madrid 2005 ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mnara wa Windsor, ghorofa 32, moyo wa katikati wa zege, nguzo za pembeni za chuma. Walikuwa katikati ya kazi ya kuzivika kinga zile nguzo, wakianzia chini kwenda juu. Ghorofa za chini ya ile ya 17 karibu zote zimekamilika, za juu bado. Usiku wa tarehe 12 Februari moto ukashika. Za juu, nguzo nyingi za chuma zikaporomoka, ukuta ukamwagika. Za chini zilizovikwa, zikasimama. Moyo wa zege ukasimama. Hakufa mtu. Ukitazama picha ya asubuhi yake utaona mstari kabisa, utadhani mtu amekata kwa msumeno.

Na Waingereza walijenga ghorofa nane za chuma ndani ya banda la zamani la puto za anga, Cardington, wakalichoma kwa makusudi 1995 na 1996. Bimu zilizoachwa uchi zilipita nyuzi 900, zikanepa. Lakini halikuanguka, kwa sababu slabu ya juu yake ilifanya kazi kama shuka iliyoshikwa pembe zote nne. Jengo lililofungwa vizuri pamoja linagawana mzigo. Hapo ndipo viungo, bolti na vikalio, vinapokuwa na thamani kuliko unene wa bimu.

Ngalawa77

Hizo kinga ni kitu gani hasa? Ni rangi?

FundiKenchi

Ziko za aina kadhaa. Ipo ya kupuliza, mchanganyiko wa jasi au saruji na vipande vyepesi, inakauka kama uji ulioganda, kijivu, ukiigusa inamumunyuka. Zipo mbao za jasi za kufungia nguzo kama sanduku. Ipo ya kumwagia zege nguzo nzima. Na ipo rangi, ndiyo, unapaka milimita moja au mbili, moto ukija inavimba mara kadhaa ya unene wake kama andazi, inakuwa povu jeusi linalokinga.

Zote hazizuii moto. Zinanunua muda, saa moja, mbili, tatu, kutegemea unene. Chuma kisicho na kitu kinaweza kufika hatari ndani ya dakika 15 mpaka 20 za moto mkali. Mlioko Marekani mtakumbuka daraja la Oakland, Aprili 2007, lori la mafuta lilipinduka alfajiri chini ya barabara ya juu, lita zaidi ya 32,000 za petroli zikawaka, na barabara ya juu ikalala juu ya ile ya chini muda mfupi tu baadaye. Hakuna aliyepiga baruti pale. Bimu zilikuwa za chuma, uchi, moto uko chini yake moja kwa moja.

Ubaya wa kinga nimeuona kazini. Mpakaji anamaliza, anakaguliwa, anaondoka. Wiki ijayo anakuja fundi umeme, anataka kufunga klempu ya waya, anakwangua. Anakuja fundi wa viyoyozi, anakwangua. Fundi bomba, anakwangua. Kila mmoja kiganja kimoja tu. Hakuna anayerudishia, halafu dari inafungwa na hakuna jicho litakaloona tena. Na chuma kama nilivyosema kinapitisha joto, pale kwenye kiganja kimoja ndipo mlango ulipo. Nimegombana na watu kwa hili mpaka nimenyimwa kazi, na nitaendelea kugombana.

mhandisi_wa_pwani

Kwa zege ni vivyo hivyo ndugu zangu, maana hapa kwetu maghorofa mengi ni zege. Nondo iliyo ndani ni chuma kile kile, inakingwa na zege la nje. Ndiyo kazi ya vile vipande tunavyoviita biskuti, vya kuinua nondo isilalie mbao. Fundi akiruka biskuti, nondo inakaa usoni kabisa, hata moto haujaja chumvi ya bahari itaitafuna kwanza.

Mama_Zuu

Jamani mimi ni msomaji tu, sijui ujenzi. Niko Columbus, Ohio, nafanya usafi wa maofisi usiku, ghorofa ya 19. Nimesoma uzi huu wote wakati wa mapumziko na mwili umenisisimka. Nitajuaje jengo ninalofanyia kazi limevikwa hiyo kitu?

FundiKenchi

Dada yangu, usihofu, jengo refu la huko kwa kawaida limevikwa na lina vinyunyizio. Inua macho darini, ukiona vile vichwa vidogo vya shaba au vyeupe vimechomoza, hivyo ndivyo. Cha kwanza kwako si chuma, ni ngazi. Zijue ngazi zote mbili, hesabu milango kutoka unapofanyia kazi mpaka kwenye ngazi, kwa mkono, kama vile huoni. Na mlango wa ngazi usiachwe umewekewa kabari au ndoo. Ule mlango ndio unaozuia moshi.

Zima_Moto_Mstaafu

Afanye hivyo hivyo. Na kengele ikilia asingoje kuona moto.

Mama_Zuu

Nimerudi. Leo kulikuwa na kaka wa matengenezo anabadilisha kigae cha dari pale korido ya lifti, kimelowa maji. Nikamwomba anioneshe ndani na tochi. Nimekiona. Bimu kubwa, imevikwa kijivu, kama uji uliokauka kabisa kama ulivyosema kaka fundi. Imevikwa vizuri huku na huku. Lakini pale bomba jipya lilipopita, kimekwanguliwa. Nimepima kwa mkono wangu, kama shubiri mbili. Chuma kinaonekana, kina kutu kidogo. Yule kaka akasema kiko hivyo tangu aanze kazi.

FundiKenchi

Dada, umepiga picha?

Mama_Zuu

Nimepiga mbili. Moja ya karibu, moja inaonyesha namba ya ghorofa.

FundiKenchi

Mtumie msimamizi wa jengo kwa barua pepe, si kwa mdomo, na uandike tarehe. Mwambie kinga ya moto ya bimu imebanduliwa korido ya lifti ghorofa ya 19, shubiri mbili, irudishiwe kabla kigae hakijafungwa. Asipokujibu kwa wiki moja, hiyo barua pamoja na picha ipeleke ofisi ya zimamoto ya mji. Uoga wa kupoteza kazi naujua, ukitaka niandikie pembeni tuitunge pamoja, isiwe na jina lako.

Mama_Zuu

Nakuandikia sasa hivi. Kigae wanakirudisha kesho saa kumi jioni.